Tundu Juu ya Dirisha

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa pembe moja lakini ilisomeka. Mama aliisoma kwanza peke yake, akaisoma tena kwa sauti ili na mimi nisikie, kisha akaomba kalamu nyekundu. Amestaafu ualimu mwaka wa saba huu na bado hawezi kushika karatasi yenye maandishi bila kuisahihisha. Umepata sita kwa kumi. Umeandika kwamba huko kazini "tumefunga karakana ya pili", akashika kifua akidhani umeachishwa kazi, mpaka alipofika mwisho unapolalamika kwamba wateja ni wengi kuliko mafundi. Kumbe mmefungua. "Huyu mtoto bado anakula u," akasema. "Alikuwa anaila darasa la tatu, leo ana mvi kidevuni na bado anaila." Kwa hiyo ujue jina lako la Bila-U halijafutika hapa nyumbani.

Baridi imeingia mapema mwaka huu. Ukungu unakaa mpaka saa tano asubuhi ndipo tunaona ua wa jirani. Kwa ajili ya kifua cha mama tumehamishia kitanda chake sebuleni, karibu na hita yako ya gesi, na mimi natandika godoro pembeni. Nyufa za madirisha nimezijaza vitambaa. Mama anaipenda hita hiyo kuliko anavyonipenda mimi. Juzi alipita mtu anauza majiko ya kuni ya chuma, yale niliyoyataka mimi tangu mwanzo na wewe ukayakataa, mama akamjibu kwamba nyumba hii ina mashine iliyochaguliwa na kufungwa na mwanawe mwenyewe. Hakumkaribisha hata kukaa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinatusumbua, lile tundu ulilotoboa ukutani juu ya dirisha. Upepo unaingia pale na kumshukia mama begani. Sijaelewa mpaka leo kwa nini mtu afunge hita halafu atoboe ukuta, lakini siku ile uliondoka umenuna, kwa hiyo sikuuliza. Nimelipatia dawa, usiwe na wasiwasi.

Ngazi ya mlango wa nyuma nayo imetengenezwa. Yule mwashi wa nyumba ya pili alikuja akaikamilisha kwa nusu siku, akakataa hata chai.

Mdogo wako,
Kitinda

*

9 Juni

Kitinda,

Marahaba. Mwambie mwalimu wako kwamba mkono wa fundi una haraka, na sita kwa kumi kwa mtu aliyeandika amekaa juu ya ndoo ni alama nzuri.

Huku ni joto tu. Wewe unajaza vitambaa madirishani, mimi natembea na taulo shingoni. Wiki hii tumefunga viyoyozi kumi na moja, na kimoja kati ya hivyo kitanitoa roho. Mwenye nyumba ana chumba cha kulala cha hatua nne kwa tatu, akataka mashine ya kupoza ukumbi wa harusi. Nikamweleza kwamba ukitaka kuchagua mashine unaanza na utepe, unapima chumba, unahesabu madirisha, unaangalia jua linaingia wapi. Hakutaka kusikia. Sasa inapoza chumba kwa dakika tano, inazima, inawaka, inazima, na unyevu umebaki ukutani. Mkewe anakohoa na mimi ndiye ninayeitwa mwizi.

Nimefurahi kwamba lile tundu umelipatia dawa. Nilipokuwa kwenye basi nilikumbuka kwamba sikuweka wavu, nikawaza ndege watajenga humo. Wavu wa matundu madogo unatosha kabisa. Umefanya vizuri, una akili ya ufundi ingawa hujui.

Sasa nisikilize kuhusu kuitunza. Kila baada ya wiki mbili izime, iache ipoe, ipanguse vumbi kwa brashi laini. Kisha chukua povu la sabuni upake kwenye mpira unaotoka kwenye mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja, funga mtungi na ufungue madirisha yote. Yakitulia, washa na unywe chai yako.

Mama asitoke kwenye joto. Daktari alisema kifua chake hakiwezi baridi nyingine kama ya mwaka juzi.

Kaka yako

*

17 Juni

Kaka,

Nimepangusa, nimepaka povu, mapovu yametulia. Kwa hiyo hita yako ni nzima. Mimi ndiye mbovu.

Siku kumi sasa naamka kichwa kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari ndani. Nasikia kichefuchefu, na mara mbili nimetapika hata kabla ya kunawa uso. Nikifika kazini dukani, ninapanga madaftari na kalamu kwenye rafu, kufika saa nne niko sawa, nacheka na wateja. Nikirudi nyumbani na kukaa kidogo, hali inarudi. Juzi nilishika meza ili nisianguke. Mama alikuwa amelala, hakuona.

Yule shangazi wa cherehani, jirani yetu, amenitazama kutoka juu mpaka chini akaniuliza kama nina mgeni tumboni. Alisema hata yeye wa kwanza alimwanza hivyohivyo, asubuhi asubuhi. Nilicheka tu. Sasa kila nikipita dirishani pake cherehani inanyamaza.

Mama naye analalamika kichwa, lakini analaumu miwani. Analala sana. Jana alilala na kalamu mkononi akiwa katikati ya kuandika jina lake.

Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Hapendi nikulalamikie, anasema uko mbali na huna la kufanya.

Kitinda

*

23 Juni

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimefika palepale. Mtu anatapika asubuhi siku kumi mfululizo, jirani mtu mzima anamuuliza swali la wazi, naye anacheka. Unanifanya mimi mtoto?

Ni yule mwashi? Ngazi ya nusu siku bila malipo na bila chai. Niliposoma nilijiambia mwashi gani huyo mwenye huruma, nikayapuuza. Kumbe mimi huku nabeba viyoyozi mgongoni, huko nyumbani mambo yanaendelea.

Sikatai kwamba wewe ni mtu mzima. Lakini nilikuachia kazi moja, mama. Nilichagua hita, nikaifunga kwa mikono yangu, nikakuachia wewe kumtazama tu. Kama tumbo ni kweli, sema, na huyo bwana aje na wazee wake kama watu wengine. Kama si kweli, nenda hospitali upimwe, unitumie karatasi niione. Na kama una mpango wa kuhama kwake na kumwacha mama peke yake katika baridi hiyo, nijulishe mapema nijue nafanya nini.

Mama asijue kwanza. Moyo wake hauwezi.

Kaka yako

*

29 Juni

Kwa mwenye mji wa joto,

Leo sikupi shikamoo. Nikipoa nitakurudishia.

Unataka karatasi. Karatasi ya nini? Mwashi ana mke na watoto wanne, na ngazi aliitengeneza kwa sababu mama alimfundisha kusoma akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, kwenye darasa la jioni, wakati watu wengine walikuwa wanamcheka. Hiyo ndiyo chai aliyoikataa. Nimesoma barua yako nikiwa nimeegemea ukuta wa duka, na mwajiri wangu akaniuliza nani amefariki.

"Nilikuachia kazi moja." Kaka, ulijiachia wewe mwenyewe nafasi ya kuondoka. Nilikuambia siku ile ukiwa juu ya ngazi unatoboa ukuta, nikakuambia unatufungia mashine ili usifungwe wewe, ukanuna, ukakusanya vifaa vyako ukaondoka bila hata kusema neno. Sasa unaniandikia habari za utepe na povu la sabuni. Mama anaamka ananiuliza nani amemwashia hita, namwambia mimi, anasema hapana, ni mwanangu. Haumwi tena kichwa tu. Jana aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Leo kashindwa kushika kikombe.

Nilitaka kuizima hita mchana ili kubana gesi, akalia. Anasema ni mikono yako ile. Sasa moto wake umegeuka, haukai ule wa buluu mdogomdogo kama ulipotuwashia, umekuwa wa njano, mrefu, unachezacheza, na kioo kinaingia masizi tena kila ninapokifuta. Mama anaupenda hivyo, anasema sasa unafanana na moto kweli. Anautazama kutwa.

Na lile tundu lako, kwa kuwa unapenda kusifia akili yangu ya ufundi, sikuweka wavu wowote. Sijui hata wavu umeutoa wapi. Nilichukua koti lako la zamani, lile la kahawia uliloliacha msumarini, nikalisokomeza humo lote mpaka mikono. Nilifurahi sana kulisokomeza.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la maana.

Kitinda

*

TELEGRAMU
Imepokelewa dirishani 4 Julai, saa 11 jioni

ZIMA HITA ZIBA TUNDU UPESI BARUA INAKUJA KAKA

*

4 Julai

Kitinda mdogo wangu,

Barua yako imefika leo saa kumi. Nimeisomea kwenye ngazi za posta, na nilipofika kwenye moto wa njano nilisimama nikarudi ndani kwenye dirisha la telegramu. Niliandika kwa haraka hata karani akaniuliza kama nimefiwa. Alikuwa anafunga dirisha, akaniambia maneno machache basi. Itakufikia kesho asubuhi. Nimekuandikia uzime hita na uzibue tundu. Naamini ukisoma barua hii utakuwa umekwisha fanya hivyo, na nyote wawili mko kwenye hewa safi mnanitukana. Nitukaneni.

Huna mimba. Huna ugonjwa. Ni hita. Ni mimi.

Nikueleze yale niliyopaswa kukueleza nikiwa juu ya ngazi. Moto wa gesi unakula hewa kama mtu. Ukipata hewa ya kutosha unakuwa wa buluu, na moshi wake unapanda kwenye bomba unatoka nje. Ukinyimwa hewa unakuwa wa njano, unatoa masizi, na pamoja na masizi unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Huioni, huisikii. Unaumwa kichwa, unatapika, unasinzia, unachanganya majina ya watu. Ukitoka nje unapona, ukirudi inarudi. Karibu yote hayo uliniandikia tarehe kumi na saba, neno kwa neno, kama vile ulikuwa unanisomea kitabu changu cha mafunzo. Mtu mwingine yeyote angeniandikia dalili hizo ningemjibu kwa mstari mmoja. Wewe uliponiandikia nikaona mwashi.

Tundu lile ndilo pumzi ya hita. Ndiyo maana nilitoboa. Umejaza vitambaa kwenye nyufa, umefunga milango, ukasokomeza koti kwenye tundu, na mnalala humo wawili. Usijilaumu kwa hilo hata kidogo. Sikukuambia tundu ni la nini. Neno moja tu lilikuwa linatosha, nami nikalimeza kwa sababu ulikuwa umesema kweli na kweli hiyo ilinichoma. Nilikuwa nataka kuondoka. Nilinunua ile hita nzuri ili nikifika huku nisiwe na usiku wa kuwaza baridi ya mama. Uliliona hilo mapema kuliko mimi.

Kwa hiyo, tundu liwe wazi, daima. Vitambaa vya dirishani vitoe. Hita isiwashwe tena mpaka nije niifungue, niisafishe ndani na kukagua bomba la moshi. Mama mvalishe kila kitu mlichonacho, mpeleke kwa shangazi wa cherehani akae kwenye jiko lake, na kesho hiyohiyo mwende hospitali wote wawili. Mwambie daktari neno "moshi wa hita". Ataelewa.

Msimamizi amesema sipati ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Nimeanza kumbembeleza. Nijibu kwa njia yoyote ya haraka kwamba tundu limezibuliwa, ndipo nitaweza kula.

Kwa yale niliyoyaandika kuhusu wewe na mwashi, naona aibu. Nisamehe.

Kaka yako

*

5 Julai

Kaka,

Telegramu imefika saa mbili asubuhi. Tarishi aliposimama mlangoni nilidhani umekufa. Mimi na hasira zangu zote nilikaa chini kabla ya kuifungua. Kwa hiyo shikamoo, nimekurudishia.

Nimefanya ulivyoagiza. Umesema nizime hita na nizibe tundu upesi. Nimezima, na kwa kuwa koti peke yake naona halikukutosha nimemwita mwashi. Ndiyo, huyohuyo. Nimemwambia kaka amesema tundu lizibwe, kaka ni fundi, anajua. Akaliacha koti humo ndani akapiga simenti juu yake, akalainisha vizuri. Saa nane alikuwa amemaliza, nikawasha hita tena kwa sababu mama alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Nadhani ulitaka izimwe ili simenti isipasuke kwa joto. Ungesema tu tangu mwanzo kwamba tundu hulitaki, nisingekusokomezea koti lako kwa hasira.

Mama sikumwonyesha telegramu. Akiona karatasi ile atadhani msiba.

Chumba sasa kina joto kweli. Hakuna hata kiupepo. Mama amelala toka saa tisa, anakoroma kidogo, mdomo wake mwekundu mzuri kama kapaka rangi. Mimi nimekaa mezani nikuandikie nikiwa bado na moyo mzuri, kwa sababu nilipodhani umekufa nilijua kwamba yale yote niliyo

Kichwa kimeanza tena. Mistari inapandana. Nilikuwa nasema kwamba ile siku ukiwa juu ya ngazi nilitaka kukushikia

nilitaka kukushikia ngazi, ukasema ha

*

10 Julai

Mwanangu Bila-U,

Naanza na lile unalotaka kulijua. Mdogo wako yuko hai.

Barua yake ya tarehe tano naiweka ndani ya bahasha hii kama nilivyoikuta, bila kuisahihisha. Utaona mahali ilipokatikia. Ilikuwa saa kumi na nusu, jua bado liko nje. Nilikuwa katikati ya usingizi mzito nikasikia kalamu ikianguka, kisha kiti, kisha yeye. Nilimwita Kitinda, hakuitika. Nilimwita kwa jina lake la ubatizo, hakuitika. Nilishuka kitandani, miguu ikakataa, nikaenda kwa magoti mpaka mezani.

Nilipovuta kitambaa cha meza ili nisimame, karatasi zikaniangukia. Ya juu ilikuwa telegramu. Nilijua ni msiba wako. Nikaisoma. Zima hita, ziba tundu, upesi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa pamba, mwanangu, nisingeweza kukutajia siku ya juma. Lakini nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja, na jicho halikuhitaji kichwa. Nikaona kosa. Nikajiuliza, mtu anazima moto ili azibe tundu, kwa nini? Tundu linazibwa ili joto lisitoke, na hita ikizimwa joto hakuna. Sentensi ilikuwa haina maana. Nikakumbuka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika "funga" akitaka "fungua", na "ziba" akitaka "zibua", nikamsimamisha ubaoni mpaka akalia, na hakuacha. Nikasema, huyu amekula u.

Nilizima hita. Nikachukua ufagio, nikapanda juu ya kitanda, nikasukuma ukuta kwa mpini. Simenti ilikuwa mbichi bado. Ikatoka yote pamoja na koti lako, upepo ukaingia ukanipiga usoni. Nikavunja kioo cha dirisha kwa mpini huohuo kwa sababu vidole vilishindwa kufungua komeo. Kisha nikaita. Shangazi wa cherehani alikuja na mkasi mkononi. Mwashi alikuja mbio, akambeba mdogo wako mgongoni mpaka barabarani na mpaka hospitali hakumweka chini. Huyo ndiye mtu uliyemwandika katika barua yako ya tarehe ishirini na tatu. Niliisoma, ilikuwa mezani pamoja na nyingine. Haikuwa na kosa hata moja la herufi, na bado ni barua mbaya kuliko zote ulizowahi kuandika.

Walimwekea hewa ya oksijeni siku mbili. Siku ya tatu akafungua macho akaniuliza kama simenti imekauka. Nililia mbele ya wauguzi. Maneno yanamrudia polepole, na mkono wa kulia unamtetemeka. Daktari anasema huenda ukatulia, hasemi lini. Mimi nilipona upesi zaidi. Shangazi anasema ni kwa sababu kichwa changu ni kigumu.

Barua yako ya tarehe nne imefika jana. Humo umeandika "uzibue", sawasawa kabisa, na mahali pengine "limezibuliwa". Nimepigia mstari kila mahali. Nilitamani kukuchukia nikashindwa, kwa sababu na mimi nina langu. Mdogo wako alitaka kuizima hita hiyo mchana, nikalia kama mtoto. Alipoulizia jiko la kuni nilimfukuza muuzaji. Nilikuwa nakaa mbele ya ule moto nikijiambia mwanangu hajaondoka, yuko hapa ananipasha joto. Aliyekuwa ananipasha joto alikuwa amelala kwenye godoro chini. Nimemwambia hivyo jana. Aligeukia ukutani, lakini mkono wangu hakuuachia.

Sasa tunakaa kwa shangazi. Hita iko palepale imezimwa, na tundu liko wazi, ndege mmoja amekwisha kuja kuliangalia.

Telegramu yako nairudisha. Herufi nimeiweka mahali pake kwa kalamu nyekundu. Kazi ya kufanya nyumbani ni hii, andika neno ZIBUA mara mia moja, kwa mkono wako, mwandiko wa kusomeka. Usiitume kwa posta. Simpi msimamizi wako ruhusa ya kukukatalia. Nataka uniletee mkononi.

Mama yako

Kaka, mkono haujakaa sawa, naandika machache. Daktari amenipima kila kitu ambacho mtu anaweza kupimwa. Sina mimba. Ukija, kabla hujaingia kwetu, anzia nyumba ya pili umwombe radhi mwashi. Kisha njoo na ngazi, nitakushikia. Kitinda